Umebadilisha kipande, kompyuta imegoma: tafuta chanzo kabla ya kurudisha mzigo Mombasa

Kipande cha kompyuta kikifika Lamu kimeshapanda basi hadi Mokowe na boti hadi gati ya mjini. Kukirudisha ni safari ile ile kinyume, nauli juu yako. Kisha aliyekuuzia atakitia kwenye mashine yake, kiwake, akwambie hakina kasoro, na mara nyingi atakuwa anasema kweli. RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi) na SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) hufika zimekufa kwa nadra. Kinachotokea zaidi ni aina isiyolingana na mashine, kipande kisichokaa sawasawa, waya mwingine ulioguswa ukalegea, au mpangilio wa BIOS, programu ya madabodi (ubao mkuu) inayoamsha mashine kabla ya Windows. Hapa tunafuata dalili moja moja, kuanzia mashine isiyowaka kabisa hadi ile inayowaka kisha ikaleta vituko.

Mashine nyingi za nyumbani huku ni za ofisi, mitumba ya ex-UK: Dell OptiPlex, HP Compaq na EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni ngumu na hudumu, ila kila kampuni ina plagi zake na ukaidi wake, kwa hiyo mfano wa mashine uliobandikwa kwenye kasha uandike kabla ya kununua chochote.

Vifaa: bisibisi ya nyota namba 2, spiriti ya isopropili (ya asilimia 99 ndiyo nzuri, ya 70 yafaa ila ipe muda zaidi ikauke), rabba nyeupe ya penseli, brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, na mita ya umeme ukiwa nayo. Piga picha ya ndani kwa simu kabla hujachomoa waya hata mmoja. Picha hiyo ndiyo itakayokuokoa ikifika saa ya kurudisha waya vijembamba vya kitufe cha mbele.

Kila unapofungua, zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hadi 15 ili umeme uliobaki uishe. Kama kuna taa ndogo inayowaka kwenye madabodi, ngoja izimike. Shika chuma cha kasha kabla ya kushika kipande. Hewa yetu ya unyevu hupunguza umeme tuli, lakini haiumalizi.

Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayetia RAM, SSD na kadi ya grafiki kwa mkupuo mmoja, mashine ikagoma, ana washukiwa watatu na hana shahidi. Tatizo likitokea, kipimo cha kwanza ni kurudisha mashine ilivyokuwa. Ikiwaka, shida ni kipande kipya au ulinganifu wake. Isipowaka hata na vipande vya zamani, basi kuna kitu ulikigusa wakati wa kazi, na kipande kipya hakina hatia.

Haiwaki kabisa: hakuna taa, feni haizunguki

Anza nje. Jaribu soketi kwa chaja ya simu. Tazama swichi ya nyuma ya pawa saplai, ile ya 0 na 1. Watu wengi huizima wakati wa kufungua wakaisahau. Pawa saplai za zamani zina swichi nyingine nyekundu ya 115 na 230. Hapa Kenya stima ni volti 240, kwa hiyo lazima iwe 230. Ikiwa 115 na ukawasha, utasikia mlio kama wa fataki, na pawa saplai imekwisha.

Ndani kuna plagi mbili zinazosahaulika: ile kubwa ya pini 24 ya madabodi, na ile ndogo ya pini 4 karibu na prosesa. Zisukume mpaka kikamatio kilie. Kisha angalia waya wa kitufe cha mbele. Ukiwa umesogezwa pini moja tu, kitufe hakifanyi lolote.

Ukitaka kujua kama pawa saplai yenyewe imekufa, ichomoe kwenye madabodi na vifaa vyote, uache diski moja ya zamani au feni ili iwe na mzigo. Waya wa ukutani ukiwa umechomolewa, unganisha pini ya waya wa kijani na ya waya mweusi wowote wa plagi ya pini 24 kwa kipande cha waya, kisha rudisha umeme. Feni ikizunguka, pima: waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Pawa saplai yenyewe usiifungue. Kapasita zake hushika umeme hata baada ya kuchomolewa.

Kipimo hiki ni cha plagi ya kawaida ya pini 24, kama ya OptiPlex 7010 ya 2012. OptiPlex 9020 ina plagi ya pini 8, na EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6, na rangi za waya hazifuati mpangilio ule. Kwa sababu hiyo hiyo pawa saplai ya kawaida ya dukani haiingii kwenye mashine hizo bila adapta. Watu wamenunua, zikavuka bahari, zikabaki juu ya kabati.

Kama kasha linakuwasha vidoleni ukiligusa peku, hiyo si pawa saplai mbovu. Kichujio chake hupeleka umeme kidogo kwenye chuma, na ardhi ndiyo iliyotakiwa kuupokea. Nyumba haina waya wa ardhi, au soketi haikuungwa. Mwite fundi wa stima, tena kabla hujatia vipande vya thamani.

Inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi

Dalili hii ndiyo inayowapa watu hasara isiyo na sababu, na mara nyingi sana chanzo chake ni RAM. Lakini tazama kwanza waya wa monita. Kama umetia kadi ya grafiki, waya lazima uhamie kwenye kadi. Mashine nyingi huzima tundu la madabodi zikiiona kadi. Kisha ipe muda. Ukishabadilisha RAM, mashine huipima upya mara ya kwanza na inaweza kukaa gizani dakika moja au mbili, pengine ikajizima na kujiwasha. Asiye na subira huikatiza hapo hapo na kuanza upya, ikawa kila mara anaikatiza.

Ikizidi dakika tatu, zima na utoe RAM. Itazame kwenye mwanga. Pini zake za dhahabu zikiwa na madoa ya kahawia au ukijani, hiyo ni kazi ya hewa ya chumvi, nayo hushika hata RAM iliyokaa miezi michache tu kwenye mfuko wazi. Sugua taratibu kwa rabba kwa kufuata urefu wa pini, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti, iache dakika tano. Usitumie msasa kamwe. Tabaka la dhahabu ni jembamba na likitoka, kutu hurudi upesi zaidi. Sloti yenyewe ipige brashi kavu, kisha ingiza na kutoa RAM mara tatu au nne ili mguso ujisafishe. Mwisho sukuma kwa dole gumba pande zote mbili mpaka vikamatio vijifunge vyenyewe. RAM iliyoingia upande mmoja huonekana sawa kwa mbali. Itazame kwa ubavu.

Bado? Jaribu RAM moja peke yake kwenye sloti ya kwanza, kisha nyingine. Ile ya zamani ikiwasha na mpya isiwashe, usiseme mbovu kabla hujasoma karatasi iliyobandikwa juu yake, maana hapo ndipo siri ilipo.

DDR3 ina pini 240, DDR4 ina 288, na pengo la katikati haliko mahali pamoja. RAM ikikataa kuingia usiisindikize kwa nguvu, siyo yake. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5 na karatasi yake huandikwa PC3. PC3L ni ya volti 1.35, na mashine nyingi za DDR3 huikubali bila shida. Ile fupi ni ya laptopu na ya kompyuta ndogo kabisa za mezani.

Sasa tazama herufi ya mwisho. PC3-12800U, yenye U, ndiyo ya kompyuta ya mezani. Ikiwa R, kama PC3-10600R, hiyo ni ya seva. Inaingia kwenye sloti vizuri kabisa, ina pini zile zile 240, na mashine ya nyumbani haitawaka nayo hata ukeshe. RAM za seva zilizotolewa kazini ni rahisi mno sokoni, na muuzaji aliyeko mbali huenda hajui tofauti au hajali.

Mtego wa pili ni RAM za DDR3 za GB 8 zinazouzwa kuwa za AMD pekee. Karatasi yake mara nyingi husema 2Rx4 badala ya 2Rx8. Mashine ya Intel itabaki gizani au itapiga mlio tu. Kama bei ni nusu ya wengine, muulize akupigie picha ya karatasi kabla hujatuma pesa.

Milio na taa pia husema. Kwenye HP za kizazi cha Compaq Elite 8300 na nyuma yake, taa nyekundu ikipepesa mara 5 na milio 5, ni RAM. Mara 6 ni grafiki. Mara 4 ni umeme. Mara 2 ni prosesa iliyopata joto kupita kiasi. HP za baadaye huhesabu mipepeso mirefu myekundu na mifupi myeupe: 3 kisha 2 ni RAM. Dell hupepesa kahawia na nyeupe, lakini maana hubadilika kati ya mfano na mfano, kwa hiyo hesabu na uangalie mwongozo wa mfano wako.

RAM zote zikiwa sawa na bado giza, toa ile betri ya saa ya mviringo, waya wa ukutani ukiwa umechomolewa, ngoja dakika tano, irudishe. BIOS itasahau mipangilio yake na kuanza upya. Fahamu kwamba hatua hii inaweza kukuletea shida nyingine kwenye SSD, itakuja chini.

Kama ulichobadilisha ni prosesa, jambo la kwanza ni orodha ya prosesa ambazo madabodi inazikubali, si umbo la tundu. OptiPlex 990 na 7010 zote zina tundu la LGA 1155, lakini i5-3470, ya kizazi cha tatu, inayofanya kazi kwenye 7010 haitawaka kwenye 990. Hiyo 990 inataka kizazi cha pili tu. La pili ni pini za tundu: zimulike kwa tochi ya simu kwa pembe. Moja iliyolala huonekana kwa kung'aa tofauti na wenzake. Na kwa maoni yetu, mwenye i5 ya kizazi cha tatu au nne ambaye bado anatumia diski ya kuzunguka hana haja ya kugusa prosesa. SSD itambadilishia maisha zaidi kwa pesa kidogo.

Imewaka, lakini RAM inaonekana pungufu

Umetia GB 8, Windows inasema inatumia 3 na kidogo: una Windows ya biti 32, ambayo ukomo wake ni GB 4. Hakuna ujanja, ni kuweka ya biti 64. Ikiwa BIOS yenyewe inaonyesha pungufu, RAM moja haisomwi. Rudi kwenye rabba na spiriti. BIOS inaona zote na Windows haioni? Fungua msconfig, nenda kwenye mipangilio ya ziada ya kuwasha, uondoe alama ya kikomo cha kumbukumbu kama kuna aliyeiweka. Pungufu ya MB mia chache ni mgao wa grafiki ya ndani, usihangaike nayo. Tena mashine zina ukomo wake: OptiPlex 3010 ni GB 8 kwa sloti mbili, 7010 yenye sloti nne hufika 32.

Mashine ikiwaka na kuzimika ovyo, au skrini ya buluu kila mara na sababu tofauti, tia MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi na uiache izunguke mara nne, yaani usiku kucha. Kosa moja tu latosha. Hapo sasa una haki ya kurudisha, na picha ya skrini ya kumwonyesha muuzaji.

SSD haionekani, au inaonekana na haiwashi Windows

Tenganisha hali mbili. Ingia BIOS (Dell ni F2, HP F10, Lenovo F1). Je, jina la SSD lipo?

Halipo: badilisha waya wa SATA (unaounganisha diski na madabodi) kwanza, kwa sababu kikamatio chake huvunjika na waya hulegea. Kisha badilisha tundu. Kwenye Dell za ofisi kuna ukurasa wa diski ndani ya BIOS wenye alama kwa kila tundu, na matundu yasiyotumika mara nyingi yalizimwa na wenyewe wa kwanza. Washa lile ulilotumia. Mkanda wa umeme wa SATA nao ukague. Ule mmoja ukiwa umevutwa mpaka kwenye kona huchomoka wenyewe. SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo si lazima iwe na fremu yake; gamu ya pande mbili ndani ya kasha inaishika sawasawa.

SSD za umbo la M.2 (kibamba chembamba kinacholala kwenye madabodi) zina mtego wake. Yenye pengo moja upande wa kulia kwa kawaida ni NVMe, aina yenye kasi zaidi. Yenye mapengo mawili kwa kawaida ni SATA. Sloti inayokubali aina moja haisomi nyingine, na ile sloti fupi ya Wi-Fi haihusiki kabisa. OptiPlex 7010 haina sloti ya M.2, ukitia NVMe kwa adapta ya PCIe (sloti ya kadi), Windows itaiona kama diski ya kuhifadhia lakini mashine haitawaka kutoka kwake.

BIOS inaiona, Windows haina habari nayo: diski mpya haijaandaliwa. Fungua diskmgmt.msc, ianzishe kwa GPT (mpangilio wa kisasa wa diski), uiumbize (format). Kama ni nakala ya diski ya zamani na inaandikwa kuwa haiko hewani (Offline), ni kwa sababu diski mbili zina saini moja. Zima, chomoa ya zamani, washa na mpya peke yake. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo.

Inaonekana lakini skrini ya buluu inasema diski ya kuwashia haifikiki: hali ya SATA imebadilika, yaani namna BIOS inavyozungumza na diski, AHCI au RAID. Windows iliyowekwa chini ya AHCI haiwaki chini ya RAID, na kinyume chake, na Dell kiwandani hutoka na RAID. Igeuze tu, hakuna kilichopotea. Ujumbe kwamba hakuna diski ya kuwashia hutokana na jambo la namna hiyo hiyo: Windows ya zamani iliwekwa kwa mfumo wa BIOS ya kale, na sasa mashine iko UEFI, mfumo wa kisasa wa kuwashia.

SSD ya TB 2 kwa bei ya chakula cha jioni ni ya bandia. Ijaze kwa H2testw kabla ya kuweka picha za harusi. Programu itakuonyesha ni GB ngapi za kweli.

Kadi ya grafiki: picha inakatika, au mashine inajizima ukifungua mchezo

Sloti ya PCIe hutoa wati 75, basi. GT 1030 ya wati 30 hukaa kwenye kasha dogo la ofisi lenye pawa saplai ya wati 240 bila fujo, mradi iwe ya kimo kifupi. GTX 1650 hufika 75, na baadhi yake hudai plagi ya ziada, chagua isiyodai. Adapta ya kutoa plagi ya pini 6 kutoka mkanda mmoja wa SATA usiitie: plagi ya SATA imepimwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, na zaidi ya hapo plastiki huyeyuka.

Inafanya kazi dakika kumi, kisha inapiga kelele au kuzimika

Joto. Ulipotoa kipozeo cha prosesa, dawa ya joto ya zamani ilivunjika na haishiki tena. Huwezi kuirudisha kama ilivyokuwa. Futa zote kwa spiriti, tia mpya kiasi cha punje moja ya mbaazi katikati, kalisha kipozeo wima, kaza skrubu kwa kupishana pembe kwa pembe, kila moja zamu kidogo. Kipozeo kipya huwa na karatasi ya plastiki chini, iondoe. Plagi ya feni je, imerudi?

Pima nyuzi kwa programu ya HWiNFO. Kwenye chumba cha nyuzi 30, prosesa iliyotulia kwenye 40 hadi 50 na isiyopita 80 ikifanya kazi nzito haina neno. Ikipanda hadi 95 na zaidi kwa sekunde chache, kipozeo hakigusi.

Ikipanda polepole, ni hewa. Kuta zetu za mawe na chokaa hudondosha unga, unga ukishika unyevu wa chumvi hugeuka tope kavu kati ya mapezi ya kipozeo. Usafishe kila miezi mitatu, na mara moja zaidi kabla ya joto la mwisho wa kaskazi. Ukitumia bloa, zuia feni isizunguke. Na kompyuta usiisukume ndani ya kidaka hata kama inatosha kwa urembo. Acha sentimita 10 nyuma yake.

Saa inarudi nyuma, na kila stima ikikatika Windows inakataa

Betri ya CR2032, volti 3. Ikipimwa chini ya 2.8, badilisha. Mashine za ex-UK nyingi bado zina betri ya kiwandani. Hapa ndipo lile la SSD linaporudi: ulibadilisha hali ya SATA kuwa AHCI, ukaweka Windows, mambo yakaenda wiki tatu. Stima ikakatika usiku, betri iliyokufa haikushika kumbukumbu, BIOS ikarudi RAID, na asubuhi skrini ni buluu. Kila mtu atalaumu SSD. Rudisha AHCI, tia betri mpya, weka tarehe. Stima ikikatika tena, chomoa ukutani na usirudishe mpaka itulie dakika tano.